Mkutano Uliofuata Viti

Wananchi wote wanatangaziwa kwamba Taji la Jukwaa, tuzo kubwa kuliko zote za michezo ya kuimba, mwaka huu limetolewa kwa haki, kwa uwazi na kwa mujibu wa kanuni. Nasema hivyo kwa sababu nilikuwepo. Mimi ni Mjumbe wa Kamati ya Taji, Wizara ya Furaha ya Umma, Idara ya Makofi, Kiti cha Mwananchi wa Kawaida. Kabla ya hapo nilikuwa bibi tu.

Cheo nilikipata hivi. Nilikwenda kuulizia bomba letu la maji, nikakosea mlango, nikaambiwa nikae kwenye benchi. Nikakaa. Watu wakaja wakaondoka, mfagiaji akafagia mpaka chini ya miguu yangu, mimi nimetulia tuli kama maji ya mtungini. Ofisi zilipokaribia kufungwa Mkurugenzi wa Makofi akapita, akaniona, akamwambia Katibu wake:

"Huyu mama amekaa kutwa nzima na hajalalamika. Ndiye mwananchi tuliyekuwa tunamtafuta."

Habari za bomba sijajibiwa mpaka leo. Lakini nilipewa kitambulisho cha kuvaa shingoni, chenye picha yangu nimefumba macho.

Kanuni ya kwanza ya Kamati ni kwamba mjumbe haruhusiwi kutazama mchezo anaoupigia kura. Akitazama atapata maoni, na mtu mwenye maoni hawezi kutenda haki. Mimi darasani sikukaa sana, kwa hiyo nilicheka kidogo. Katibu akanikanya kwa upole, "Bibi, hapa hatucheki bila ajenda."

Michezo iliyofika mwisho ilikuwa miwili. Wa kwanza uliitwa "Lami." Ulihusu barabara mpya. Waimbaji walivaa kofia za ujenzi, na kipindi chote cha kwanza kilikuwa hotuba ya ufunguzi. Mtunzi alikuwa shemeji yake Mkurugenzi. Katibu aliuliza kama hilo halina tatizo.

"Shemeji si ndugu," akajibu Mkurugenzi. "Ni jirani aliyeoa."

Wa pili uliitwa "Lifti." Watu wanakwama ndani ya lifti ya jengo la serikali, wanapiga kengele, wanaimba, wanapendana, wanagombana, na hakuna anayekuja kuwatoa, kwa sababu fundi wa lifti amekwama humo humo. Mtunzi alikuwa mjukuu wangu, binti wa mwanangu wa kwanza. Lifti yenyewe ilikuwa kabati langu. Nguo zangu zilihamia kwenye ndoo, na kila nilipotaka kitenge ilibidi niinamie ndoo kama mtu anayechota maji.

Nililieleza hilo wazi siku ya kuapishwa. Katibu, ambaye kanuni zote zimo kichwani mwake, akafumba macho akazipitia.

"Wanakatazwa wake, waume na watoto," akasema. "Wajukuu hawakutajwa. Serikali haikufika huko, bibi. Je, umeutazama mchezo?"

"Sijautazama, mwanangu. Wanaimba sebuleni kwangu, ila mimi huwa nimewapa mgongo nachambua mchele."

Akaandika kwamba mjumbe hana maslahi.

Sasa mjue na zawadi. Anayetwaa Taji anapewa ukumbi wa mji kila Jumamosi, mwaka mzima. Ukumbi ni huo mmoja tu. Anayekosa akaimbe bafuni kwake. Na mjukuu wangu alikuwa na mkataba mwingine tena, wa nyumbani. Baba yake ana duka la vifaa vya ujenzi, na alimwekea sharti mbele yangu.

"Ukishinda, imba mpaka sauti ikauke. Ukishindwa, Jumatatu nakuona kaunta, unapima misumari."

"Sawa, baba."

"Kuimba si kazi. Hata jogoo anaimba, na mwisho wake anachinjwa."

"Na anayepima misumari, mwisho wake ni nini?"

"Anamla huyo jogoo."

Mtoto aliingia ndani ya kabati, akavuta mlango. Nikamsikia humo gizani akiuimba wimbo wa fundi wa lifti, polepole, kama anayemuaga mtu. Mimi nikaendelea na mchele wangu. Ila punje siku ile sikuziona vizuri.

Siku ya uamuzi ilikuwa Jumatano. Tulifika kwenye chumba cha mikutano tukakuta zulia, saa ya ukutani na picha ya Waziri. Viti hakuna.

"Vimekwenda wapi?" akauliza Mkurugenzi.

"Ukumbini, mheshimiwa. 'Lami' waliviazima kwa ajili ya wageni rasmi wa kwenye mchezo," akajibu Katibu.

"Mkutano hauwezi kufanyika wima. Viti viko sehemu gani ya ukumbi?"

"Jukwaani."

"Basi mkutano uvifuate."

Ndivyo Kamati ilivyohamia jukwaani. Viti vilikuwa vimepangwa nusu duara, vimeelekea kule watazamaji wanakokaa, na hakuna aliyethubutu kuvigeuza kwa sababu vilikuwa vimepangwa tayari. Meza ilikuwa ya maboksi iliyopakwa rangi ya mbao. Mtu wa taa akatuwashia taa zote, ili mheshimiwa aone makaratasi yake.

Kwenye ncha ya jukwaa kiliwekwa Kipima Makofi. Hiyo ni mashine ya Idara, ina sindano inayopanda watu wakipiga makofi. Inakaa imewashwa mchana na usiku, kwa kuwa fundi aliyejua kuizima alihamishwa.

Kisha ikanyesha mvua. Kituo cha basi kilicho jirani hakina paa, basi watu wakaingia ukumbini na vikapu vyao na watoto wao, wakakuta taa, wakakuta viti vya watazamaji, wakakaa. Katibu akataka kuwafukuza.

"Waache," akasema Mkurugenzi. "Huu ndio uwazi."

Kabla ya kila ajenda, sheria yetu ni kusimama na kuimba wimbo wa Idara, mkono kifuani: *Furaha ni haki, furaha ni wajibu, asiyefurahi aombe kibali.* Na baada ya kila uamuzi, Mkurugenzi anauliza, "Tunaafiki?" nasi tunajibu kwa pamoja, "Tunaafiki!" Tukaimba. Tukaafiki kwamba kikao kimefunguliwa. Watu wakapiga makofi.

"Wananchi wana nidhamu sana," akaninong'oneza Mkurugenzi. "Sikujua."

Tulipoimba kwa ajili ya ajenda ya pili, watu walikuwa wameshaushika wimbo. Mama mmoja mwenye sinia la ndizi aliutilia sauti ya pili, nzuri kuliko yetu.

Aliyeanza kuzungumza alikuwa Daktari wa Sanaa, bwana msomi mwenye miwani machoni na nyingine kwenye paji la uso. Huyu na Mkurugenzi hawaivi chungu kimoja tangu dereva wa Mkurugenzi alipochukua nafasi ya Daktari ya kuegesha gari kivulini. Lakini hayo hayakuwemo kwenye ajenda, kwa hiyo alizungumzia sanaa.

"Lifti, kama jina linavyojieleza, inapanda. Lami imelala. Sanaa haiwezi kulala!"

"Lami imelala ili wananchi wapite!" akafoka Mkurugenzi. "Hiyo lifti yako imepanda lini? Si imekwama tangu mwanzo mpaka mwisho?"

"Umejuaje kwamba imekwama?"

Mkurugenzi akaanza kupanga upya makaratasi yake.

"Mheshimiwa," akasema Daktari taratibu, akishusha miwani ya pili, "umeutazama?"

"Sijautazama!"

"Labda una maoni."

"Mimi? Nina maoni mimi?" Akasimama, shingo imemvimba. "Sina maoni yoyote! Sijawahi kuwa na maoni tangu niajiriwe! Nani kaniona na maoni? Ajitokeze!"

Akapiga meza ngumi. Meza ilikuwa boksi, nimeshasema. Ngumi ikapita, mkono ukaifuata, mheshimiwa akaufuata mkono. Tukabaki tunaona viatu.

Ukumbi ulilipuka. Watu walisimama juu ya viti, wakapiga miluzi, mwenye sinia akasahau ndizi zikamwagika. Sindano ya Kipima Makofi ikapanda mpaka mwisho, ikagonga ukuta wa chuma, ti! Haikurudi.

Katibu, mtu wa utaratibu, akaona kikao kisiharibike. "Tunaafiki?" akauliza.

"Tunaafikiii!" ukumbi mzima.

Tukaenda mapumziko ya chai, wala hakuna mtazamaji aliyeondoka. Tuliporudi tukapiga kura. Mkurugenzi na Katibu: "Lami." Daktari na mimi: "Lifti." Tukalingana. Mkurugenzi, boksi bado limemganda kwenye mkono wa koti, akatabasamu.

"Katibu, kura zikilingana kanuni inasemaje?"

"Anaamua Kipima Makofi, mheshimiwa. Mashine haina maoni, wala uamuzi wake hauna rufaa."

"Kanuni hiyo nimeisaini mwenyewe," akawaambia watu, kifua mbele. Kisha akaita, "Lami!" Makofi machache ya adabu. Sindano kimya, imeng'ang'ania mwisho. Daktari akaita, "Lifti!" Machache vile vile, hawakuwa wameuona. Sindano haikutikisika. Katibu akaigonga kwa kidole, akaipuliza, akaitikisa.

Mimi kwa kawaida sisemi kikaoni. Ndiyo maana nilichaguliwa. Lakini magoti yalikuwa yameanza kuniuma.

"Mwanangu," nikamwambia Katibu, "hiyo mashine ilikwama wakati gani?"

"Mheshimiwa alipo... wakati wa meza, bibi."

"Na wakati huo jukwaani palikuwa na mchezo gani?"

Katibu akafumba macho akazipitia kanuni. Alipitia muda mrefu. Tulimwona midomo inacheza. "Mchezo wa kuimba," akasoma kichwani, "ni onyesho lolote la jukwaani lenye wimbo, kiitikio na mapumziko." Akafumbua macho, amepauka. "Mheshimiwa, ni sisi."

"Ndio hao hao!" akapiga kelele mwenye sinia. "Wapeni hao! Mwaka huu hatujaona kitu kama hiki!"

Mkurugenzi alikuja juu, akasema huo ni upuuzi, ataunda tume. Katibu akamkumbusha kwa sauti ndogo kwamba mshindi hupigwa picha na Waziri, wamesimama bega kwa bega. Mheshimiwa akatoa kipande cha boksi kwenye mkono wa koti.

"Kusema kweli," akasema polepole, "hata mwalimu wangu wa darasa la tatu aliwahi kuniambia nina kitu. Tunaafiki?"

Tukaafiki. Nilipogeuka nikamwona mjukuu wangu pembeni ya pazia na wenzake. Walikuwa wamekuja kwa mazoezi, wakasubiri pale tangu wimbo wa kwanza. Alikuwa anaitazama mikono yake, kama mtu anayejaribu kuiona ikipima misumari.

Nyumbani, baba yake hakumcheka. Alileta koti la dukani, akalitundika kwenye mlango wa kabati, akaondoka. Mtoto akaniuliza, "Bibi, ndiyo basi tena?"

"Leo Jumatano," nikamwambia. "Jumatatu ni Jumatatu. Katikati pana Jumamosi."

Maana kanuni zilikuwa na mkia. Mshindi hupewa ukumbi, ndiyo, lakini hulazimika kulirudia onyesho lake kila Jumamosi kama lilivyokuwa, neno kwa neno. Jumamosi ile ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Mheshimiwa alivaa suti mpya. Tukaimba, tukaafiki, Daktari akasema lami imelala. Zamu ya Mkurugenzi ikafika.

"Lami..." akaanza. Akamwinamia Katibu. "Nilisema nini kuhusu lami?"

Katibu akamnong'oneza.

"Sikusema hivyo! Mimi siwezi kusema kitu kama hicho!"

"Ulisema, mheshimiwa."

"Nilinukuliwa vibaya!"

Si kosa lake. Mkubwa hana mazoea ya kurudia alichosema. Ana mazoea ya kukanusha. Watu wakaanza kuzomea, na mashine, ambayo fundi wa redio alikuwa ameikwamua, ikaanguka sifuri. Hapo nyuma ya pazia ikasikika sauti ya Mkurugenzi mwenyewe, nene, yenye kikohozi chake katikati:

"Lami imelala ili, uh-hu, wananchi wapite!"

Akatokea mjukuu wangu. Tumboni amefunga mto wa kochi langu. Alitembea kama yeye, akafuta jasho kama yeye, akamnyooshea Daktari kidole kama yeye. Maneno yote alikuwa nayo, na wenzake walikuwa nayo, walikuwa wamesimama pale Jumatano nzima. Alipofika kwenye "Sijawahi kuwa na maoni tangu niajiriwe!" rangi ya ukuta ilibanduka kwa makofi.

Katibu hakuulizwa, alisema mwenyewe: mshindi akishindwa kuendelea, onyesho huchukuliwa na yeyote anayelijua, pamoja na ukumbi.

Jumatatu mwanangu alipima misumari peke yake. Mingine aliileta ukumbini, akalikaza kabati langu, ambalo siku hizi ni ofisi ya Mkurugenzi wa jukwaani. Koti la dukani amelivaa yeye. Jumamosi hukaa safu ya nyuma kabisa, na binti yake akianguka na meza, hufuta macho. Anasema ni vumbi la saruji.

Kijana wa ngoma, mmoja wa wenzake mjukuu wangu, anaigiza nafasi yangu. Anajifunga kitenge, anakaa kimya, watu wanampenda.

Na Mkurugenzi? Sheria ya Idara inamtaka Mkurugenzi wa Makofi akae safu ya mbele katika kila onyesho lenye Taji, na awe wa kwanza kupiga makofi. Aliomba udhuru kwa kuwa wajumbe hawaruhusiwi kutazama, akajibiwa kwamba kura zimeshapigwa, sasa anaweza kuwa na maoni. Hukaa jirani yangu. Anapiga makofi, mashine inamwangalia.

Jumamosi iliyopita, mjukuu wangu alipokuwa anapandisha hasira kuelekea kwenye meza, mheshimiwa alinisogelea sikioni.

"Bibi, huyu binti anajitahidi, sikatai. Ila anatia chumvi. Mimi sikufoka hivyo. Na tumbo si kubwa namna hiyo. Na ile meza, ukweli ni kwamba..."

Mama mwenye sinia, aliyekaa nyuma yetu, akamgonga bega.

"Mzee, hebu nyamaza. Tunataka kumsikia Mkurugenzi."