Sanduku la Kupatanisha Kamera

Wubshet Yifru hakuwa injinia, lakini mtu akimwita injinia hakumsahihisha, maana alilelewa kuheshimu kauli za watu. Asubuhi ile ya mwezi wa Tiqimt alikuwa amesimama mbele ya duka la vifaa vya umeme kule Merkato, kikombe cha kahawa ya maziwa mkononi, akisikiliza ugomvi kwa unyenyekevu wa mtu aliye kanisani.

Wagomvi walikuwa wawili. Mwenye duka aliapa kwamba kamera zake ni nzima. Mteja wake, mama wa makamo aliyejitanda netela nyeupe, aliapa kwamba nyumba yake ndiyo nzima.

"Taa zinanisikia, mlango unanisikia, hata birika linanisikia," alisema mama. "Mwanangu kaniletea mfumo mzima kutoka Minnesota. Viziwi ni hizi kamera zako nne."

"Kamera hazina neno, Etiye Tsedale. Nyumba yako ndiyo inayoringa."

Mama akainua simu ili dunia nzima ishuhudie. Maandishi mekundu yalisema kwamba kifaa hiki hakilingani na mfumo wa nyumba. Shingo ya Wubshet ikarefuka. Chini ya maandishi yale, penye maelezo ya kamera, palikuwa na tarehe, na mwaka wake ulikuwa 2017.

Wubshet akaelewa mara moja. Fundi wa dukani alikuwa ameiandikia kamera mwaka ule ule wa hesabu ya Kihabeshi uliokuwa ukiendelea Addis Ababa nzima, makanisani, mahakamani na kwenye kalenda za wauza nyama. Mfumo, kwa upande wake, ulitengenezwa na faranji, watu wa ng'ambo, na kwa hesabu ya faranji mwaka ulikuwa 2024. Kamera ilikuwa inabisha hodi huku ikidai kwamba inatoka miaka saba iliyopita. Mfumo, kama bawabu yeyote mwenye akili timamu, ulikuwa umekataa kuifungulia.

Dawa ilikuwa kubadilisha tarehe. Ingechukua muda mfupi kuliko kupuliza kahawa ipoe. Wubshet akapuliza kahawa yake na kunyamaza.

Alikuwa na sababu. Ng'ambo ya barabara palikuwa na kibanda cha biashara chenye mlango wa kioo, nacho kilikuwa kitupu. Mwenye kibanda, Ato Yirga, alikuwa amemwahidi kwamba angemwekea mpaka sikukuu ya Mikaeli, mwezi uliofuata wa Hidar, iwapo angeleta kodi ya miezi mitatu. Kwa miaka kumi na miwili Wubshet alikuwa akifanya kazi zake akiwa wima, barabarani, na katika muda huo aligundua jambo moja kuhusu mji wake. Mjanja asiye na mlango huitwa tapeli. Mwenye mlango wa kioo huitwa mfanyabiashara.

Akasogea.

"Nisameheni wazee wangu kwa kuingilia. Hapa hakuna kifaa kibovu. Hapa kuna ugomvi."

"Ugomvi wa nani na nani?" akauliza mama, Weyzero Tsedale.

"Wa kamera na nyumba, Etiye. Kamera kiwanda chao, nyumba kiwanda chake, halafu wamekutanishwa tu hivi hivi, bila wazee kukaa. Wewe binti yako ungemwoza namna hiyo?"

"Simwozi."

"Umeona sasa."

Mwenye duka alifumbua kinywa ili aseme neno, kisha akatambua kwamba mteja mkali alikuwa anaondoka na mtu mwingine. Akakifumba kwa shukrani.

Sanduku la kupatanishia lilitengenezwa siku hiyo hiyo Minalesh Tera, mahali ambapo chuma hakifi bali hubadilisha kazi. Fundi bati aligonga, akachoma matundu, akafunga taa ya kijani na betri yake.

"Ndani niweke nini?" akauliza.

"Uzito."

"Uzito wa nini?"

"Wewe weka jiwe, kaka. Watu hawaamini kitu chepesi."

Wakati wa kulitoa, Wubshet aliliangusha, na upande wa kushoto ukabonyea. Fundi alitaka kulinyoosha. Wubshet akakataa, kwa sababu kitu kilichopata ajali huonekana kimefanya kazi.

Usuluhishi wa heshima hauishi kwa kikao kimoja. Kwa hiyo Wubshet alipanga vikao vitatu: Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Alieleza kwamba Jumatano na Ijumaa mawimbi huwa dhaifu. Ukweli ni kwamba siku hizo ni za mfungo, na yeye hakuwa tayari kupatanisha mtu yeyote kwa mchuzi wa dengu ilhali nyumba ile ilikuwa na kuku.

Kuku alikuwa mzuri kupita mawimbi yote. Weyzero Tsedale alimlisha tonge la kwanza kwa mkono wake, kubwa kiasi kwamba kwa dakika nzima Wubshet hakuweza kusema uongo.

"Sasa mwanangu," mama akauliza, "mwenye kosa hasa ni nani? Kamera au nyumba?"

"Etiye, mzee msuluhishi hatafuti mwenye kosa. Anatafuta maneno ya kuanzia."

"Na huyu mzee wako ameanza?"

Wote wawili wakalitazama sanduku. Lilikuwa limewekwa juu ya mto mwekundu, katikati ya kamera na birika. Taa ya kijani iliwaka kwa busara.

"Anasikiliza," akasema Wubshet.

Siku ya Alhamisi alitangaza kwamba kamera zimelainika, ila birika lina maneno. Alikula tena. Alipokuwa anakunywa kahawa, kikombe cha kwanza, cha pili, na cha tatu cha baraka, ulimi wake ulilegea, akasimulia habari za Ato Yirga, za sikukuu ya Mikaeli, na za mlango wa kioo ambao ungemfanya atembee mjini bila kugeuka nyuma. Weyzero Tsedale alisikiliza vizuri. Alikuwa na haraka zake pia, maana katika ghorofa ya juu angehamia mpangaji faranji mwisho wa mwezi, naye alikuwa ameshasema kwamba bila kamera haji.

Jumamosi Wubshet aliwatoa wote sebuleni, kwa kuwa wapatanishwa huhitaji faragha. Akakaa peke yake na jiwe lake. Akatoa simu, akafungua kamera moja baada ya nyingine, akaandika tarehe ya faranji. Kisha akakohoa kwa robo saa ili kazi ionekane nzito.

Alipofungua mlango, Weyzero Tsedale alikuwa anaitazama simu yake. Lango lilionekana, ua ulionekana, kuku aliyenusurika alionekana akitembea. Mama aliitazama picha ile kwa muda mrefu, akaisogeza karibu na macho, akaitazama tena.

"Wamepatana," akasema taratibu.

"Wamepatana, Etiye."

"Basi niuzie huyu mzee."

Wubshet hakuwa ametarajia. Mama akaeleza kwamba wakigombana tena hataweza kumtafuta Merkato yote, na kwamba katika idir yake, chama cha majirani cha kuzikana, kuna nyumba kumi na moja zenye msiba huo huo, kwa sababu watoto wote wa ng'ambo wametuma mifumo na wazazi wote wamenunua kamera duka moja. Akataja bei. Ilikuwa karibu sawa na kodi ya miezi mitatu.

Wubshet alisitasita kwa kiasi ambacho adabu inadai. Moyoni alikuwa anacheka. Bati lipo, mawe yapo, na nyumba kumi na moja alikuwa ametajiwa bure. Akapokea fedha, akalibusu sanduku mara tatu begani, jinsi watu wanavyoagana, akaondoka.

Jumanne iliyofuata alibisha kwa Ato Demissew, nyumba ya pili kutoka kwa Weyzero Tsedale, akiwa na sanduku jipya linalong'aa. Ato Demissew, mwalimu mstaafu, alilitazama kupitia upenyo wa lango.

"Sisi tumeshapatanishwa, kijana. Alikuja Weyzero Tsedale na mzee."

"Mzee yupi, Gashe?"

"Yule wa kweli. Mwenye kovu upande wa kushoto. Hili lako mbona halina kovu?"

"Hili ni la kisasa zaidi."

"Hee. Ametuonya kwamba kuna watu wanazunguka na bandia." Akageuka na kuita ndani. "Mama Rahel, njoo umwone mmoja."

Wubshet alijaribu lango la tatu, la nne na la tano. Kila mahali alisikia habari ile ile. Mama alikuja, akamweka mzee juu ya mto, akanywa kahawa, akawatoa watu sebuleni, akakohoa. Kwenye lango la sita walimwachia mbwa, na ilimbidi akubali hadharani, mbele ya wauza kuni wawili, kwamba ameshindwa kujiiga mwenyewe.

Alimkuta Weyzero Tsedale anakaanga kahawa.

"Nilikuwa nakungoja," mama akasema. "Kaa. Mbona una vumbi la mbwa?"

"Etiye, ulijuaje?"

"Nilijua nini?"

"Tarehe."

Mama akatikisa kikaango. "Nilikaa mapokezi hotelini miaka thelathini. Kazi yangu ilikuwa kuwaambia faranji kwamba chumba chao ni cha mwaka huu, si cha miaka saba ijayo. Picha yako ilipokuja, pembeni yake palikuwa na tarehe. Ijumaa kamera ilisema elfu mbili kumi na saba. Jumamosi ikasema elfu mbili ishirini na nne. Nikajiuliza, huyu mzee kakaa na kamera miaka saba kwa robo saa?"

"Na bado ukamnunua."

"Ningefanyaje? Niwaambie majirani wanilipe kwa kubadilisha tarehe? Nani atalipa? Lakini kwa mzee mwenye taa wanalipa, na wananikaribisha kuku." Akamimina kahawa. "Ulifikiri vizuri, mwanangu. Ila ulifikiri ukiwa na njaa."

Wubshet alijisikia kama mwanafunzi anayerudishiwa daftari. Alikuwa hajawahi kusifiwa na mtu wa fani yake.

"Shida ni magoti," mama akaendelea. "Kutembea siwezi tena. Upande wa pili wa mtaa wetu wa Ayat, nyuma ya kanisa, kuna idir nyingine, nyumba ishirini na mbili. Kamera za duka lile lile. Wote wameshasikia habari za mzee mwenye kovu. Wewe una miguu."

"Basi nirudishie sanduku."

"Nitakuuzia."

"Etiye, ni jiwe ndani ya bati. Jiwe nililichagua mwenyewe."

"Basi nenda na lile lako linalong'aa. Mbwa wanakujua sasa."

Wakapatana kuanzia kikombe cha kwanza hadi cha tatu. Bei ya mwisho ilikuwa fedha zote alizolipwa na akiba yake yote, mpaka ile ya kunyolea nywele. Wubshet alihesabu nyumba ishirini na mbili kichwani, akauona mlango wa kioo ukifunguka mara mbili. Wala hakuwa na shaka. Mjanja hujihadhari na mwongo, lakini mtu anayekiri mbele yake kwa upole, huku akimmiminia kahawa, humwamini kama mama yake. Fani nzima ina shimo hilo moja, na wakubwa wengi wamelala humo.

Asubuhi ya kesho yake alipita nyuma ya kanisa, mzee mwenye kovu kwapani. Mwanamke aliyefungua lango la kwanza alitabasamu kwa furaha.

"Ah, ndiye yeye? Na kovu lake. Njoo tumwone, tumesikia mengi."

"Nimekuja kupatanisha kamera zenu, dada."

"Kamera? Hizo tulishabadilisha tarehe."

Wubshet akaliweka sanduku chini. Lilikuwa zito ghafla.

"Nani amewaambia habari za tarehe?"

"Weyzero Tsedale. Jumapili, baada ya ibada, alisimama uani akatueleza wote. Bure kabisa, Mungu amzidishie. Tumetengeneza wenyewe, hata mama mkwe wangu kaweza. Alisema tu kwamba tukihitaji kamera nyingine twende dukani kwake."

"Dukani kwake wapi?"

"Merkato. Anafungua Mikaeli. Amesema tutalijua kwa mlango wake, ni wa kioo."

Siku ya Mikaeli ilipofika, Merkato ilikuwa nusu imefungwa na nusu inasherehekea. Wubshet alisimama ng'ambo ya barabara, mahali pake pa miaka kumi na miwili, sanduku kwapani, bila fedha ya kahawa. Ndani ya kibanda Weyzero Tsedale alikuwa anapanga kamera kwenye rafu, huku Ato Yirga akimshikia ngazi. Juu ya kila kamera palikuwa na karatasi iliyoandikwa kwa mkono: Tarehe tumeshaweka.

Mama akamwona. Akafungua mlango wa kioo, ukafunguka bila sauti, jinsi Wubshet alivyowahi kuota.

"Mpaka lini utasimama hapo kama nguzo? Njoo."

Akavuka.

"Nimekasirika, Etiye," akasema.

"Kasirika, mwanangu, una haki. Ukimaliza, kuna kiti kile pale. Nahitaji mtu mwenye ulimi, asiyejua chochote kuhusu kamera isipokuwa tarehe. Mshahara upo. Ato Yirga ni shahidi."

Ato Yirga, mkono bado kwenye ngazi, akathibitisha kwa kichwa.

Wubshet aliitazama barabara, akakitazama kiti. Alijaribu kukumbuka mtu aliyewahi kumwibia kwa heshima kiasi kile, akamkosa. Akainua mguu ili aingie.

"Subiri," akasema Weyzero Tsedale, akinyoosha kidole kwapani pake. "Hilo liache nje. Wateja wangu wakiliona watadhani mimi ni tapeli."

Wubshet akaliweka sanduku juu ya lami, akafuta viatu, akaingia kazini kwa mlango wa kioo.