Jinsi Kreszentia Aigner Alivyoishika Noti ya Juu

Njoni karibu, enyi mliozoea habari za vita vya wafalme. Wekeni chini vikombe vya kahawa, mtege masikio, mpate kusikia habari za Kreszentia Aigner, mke wa mwoka mikate, simba jike wa sauti ya kwanza, aliyekabiliana na noti moja mjini Vienna mbele ya kadamnasi, wala asiipe kisogo.

Simfonia, yaani utungo mkubwa ambao kwa desturi huwa wa ala tupu, ilikuwa mpya, haijapata kuchezwa popote, na mwishoni mwake, ajabu ya maajabu, ilikuwa na kwaya. Humo sauti ya kwanza ilipandishwa juu kuliko mnara wa kanisa la Mtakatifu Stefano, ikaamriwa ikae huko huko. Waimbaji walituma wajumbe kuomba noti ishushwe. Mtunzi, mzee aliyekwisha kuwa kiziwi, akakataa katakata.

Hapo Apollonia, dada wa mwoka mikate, amiri wa hila, akala njama na wanawake wenzake nyuma ya jukwaa: noti ile ikifika, kila mmoja aachame tu asitoe sauti, wenzake watamfichia. Wakakubali wote, isipokuwa mmoja.

"Wifi, acha kimbelembele," Apollonia akamwambia. "Mzee mwenyewe hasikii. Sasa unamwimbia nani?"

"Mimi nasikia, wifi. Nimeipigia kelele noti hiyo jikoni mpaka kaka yako kahamia kulala stoo ya unga. Leo niifumbie mdomo?"

"Itakukatikia njiani, na aibu itakuwa ya ukoo mzima."

Maneno hayo yalimchoma, maana aibu aliiogopa kweli. Hata hivyo saa ilipowadia alisimama na jeshi lake, kifua mbele, na noti ikaja. Wanawake wakaachama, kila mmoja akimtegemea jirani, na vinywani mwao mkatoka upepo mtupu. Sauti moja tu ikabaki juu. Fidla zilimkimbiza Kreszentia kama farasi wa vita, mbavu zikalia ndani ya kamba za gauni, uso ukaiva, pumzi ikaanza kumpungia mkono wa kwaheri, na sakafu akaiona inacheza.

Ndipo ubavuni pake ikapanda sauti nyingine, nyembamba, yenye kupinda kidogo, lakini kaidi: Apollonia! Kreszentia akanyakua pumzi, akarudi vitani. Mwenzake alipoishiwa, yeye akashika, wakapokezana hivyo mpaka noti ikakoma kwa heshima zake.

Ukumbi ukalipuka, leso zikapepea.

"Si ulisema tuachame tu?" Kreszentia akauliza, akihema.

"Nilisema. Lakini nikuachie sifa zote, halafu unisimange kila Jumapili mpaka naingia kaburini? Thubutu."

Kreszentia akacheka hadi machozi, na kwa mara ya kwanza tangu aolewe akampenda wifi yake.

Basi waandishi wa historia na waandike: siku ile Vienna haikutekwa, kwani mawifi wawili waliilinda ngome yake ya juu kabisa. Na waandike pia kwamba mwoka mikate, aliyekuwa ukumbini, alipoulizwa kuhusu noti ile, alisema amependezwa sana na zile ngoma za okestra.