Habari za Sikuzani binti Bilali na Kile Chuma cha Ubavuni

Enyi wa Dunda na wa Nianjema, wa Magomeni mpaka Kaole, na ninyi mlio mbali ambao Bagamoyo mnaisikia redioni tu, acheni mnachokifanya. Mwenye sufuria motoni aepue. Mwenye mtoto analia ampe titi anyamaze. Kwani ninalolileta ni jambo zito, lililotukia siku ya Alhamisi baada ya swala ya alasiri, pale kwa Bwanausi muuza pikipiki, ambapo wanaume watatu walipigana kwa maneno hata jasho likawatiririka, na bibi mmoja aliyekalia ndoo iliyopinduliwa akawashinda wote bila hata kuvua miwani. Nilikuwapo. Mkoba wake niliushika mimi.

Kwanza mjue vita vilitokana na nini, msije mkasema watu wazima hawana kazi.

Sikuzani binti Bilali, jirani yangu ukuta kwa ukuta, bibi wa wajukuu tisa, mwanamke wa subira ambaye daktari wa meno alimsahau kwenye kiti akaenda kula akarudi akamkuta bado kaachama, ana dada mmoja tu katika dunia hii. Dada huyo ni Mina, naye anakaa Makurunge ndani ndani, ambako gari haliingii. Ni pikipiki au ni miguu yako. Mina alivunjika nyonga, hatoki. Na Sikuzani alikuwa hajamtia machoni kwa miezi saba, kwa sababu ya Msiba wa Kitopeni.

Huo Msiba wa Kitopeni nitausema kwa ufupi, maana unaumiza. Alikuwa amepanda bodaboda, amekaa upande kama tukaavyo sisi wa baibui, mara cheni ikaudaka upindo, gurudumu likavuta, nalo baibui likaliwa mpaka gotini, na Sikuzani akashushwa chini mbele ya watu wote waliopanga foleni mashine ya kusaga. Akainuka. Akakung'uta mchanga. Akamwuliza dereva kama yeye hakuumia. Kisha akaapa kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba maisha yake hatapanda tena pikipiki yenye mdomo wazi.

Basi mwanawe wa mwisho, Feisal, fundi umeme, akapata uwezo wa kununua pikipiki ya kazi, akamwambia, "Mama, nikishaichukua, kila Ijumaa nakupeleka kwa mama mkubwa." Sikuzani akajibu, "Inshallah," akaenda kuvaa. Hakusema atakwenda kuchagua. Alisema anamsindikiza.

Huko tulizikuta pikipiki mbili zimesimama kama majemadari wanaotazamana kabla ya ngoma kulia.

Ya kwanza ilikuwa nyekundu, ya mbio, ya kisasa, imeinama mbele kama jogoo anayetafuta ugomvi, mwili wote umevikwa maplastiki yenye kona, taa zake nyembamba kama macho ya mtu asiyekuamini. Ya pili ilikuwa ya kijani cha chupa, taa moja ya mviringo kama sinia la kahawa, tangi limenona, spoki zinameremeta, kiti kirefu kimelala sawasawa. Ukiitazama utadhani ilimbeba karani wa mkoloni; kumbe imetoka kiwandani mwaka huu huu. Ni mpya iliyovaa nguo za babu.

Ndipo Feisal, mpanda nguzo, mshika nyaya zilizo hai, akasimama katikati, akanena:

"Bwanausi, na wewe fundi Raymundi, nisikilizeni. Nani atamwamini fundi umeme anayefika kazini na pikipiki ya marehemu? Hii nyekundu ina breki za diski mbele na nyuma! Ina kompyuta inayozuia tairi lisiteleze! Injini yake inapozwa kwa maji, ina rejeta kama gari! Saa yake inakuandikia hata gia uliyopo! Fedha yangu inataka kwenda pale penye vitu!"

"Feisal mwanangu," alisema Sikuzani kutoka kwenye ndoo.

"Subiri kidogo mama, tuko kwenye breki."

Akasubiri.

Raymundi, fundi pikipiki wa barabara nzima ile, mwenye mikono iliyokunywa oili miaka ishirini, akamjibu kwa kishindo:

"Feisal, kwenye nyaya nakuvulia kofia, lakini kwenye pikipiki kaa chini. Hiyo kompyuta ikiugua utaileta kwa nani? Kwangu? Mimi nitaisalimia tu. Plastiki hilo, anguko moja la kwenye mchanga, limepasuka. Ukaagize Dar, na Dar nao waagize ng'ambo. Tairi pana namna hiyo Bagamoyo nzima hulipati. Sikatai, hii ya kijani breki ya nyuma ni ya drum, haikamati kama diski, na injini yake inapozwa na upepo wa Mungu. Lakini usidanganywe na sura: ndani haina kabureta, ina injekta kama mwenzake. Na nyuma ina shokomzoba mbili, siyo moja. Spoki ikipinda nainyoosha huku nakunywa chai. Betri ikifa, unapiga kiki unaondoka. Nyekundu haina kiki. Betri ikifa utaiimbia."

"Nitaisukuma."

"Utasukuma na huo mkanda wa ngiri unaovaa tumboni?"

"Raymundi, mkanda wangu umeingiaje hapa?"

"Mwanangu," alisema Sikuzani.

"Bi mkubwa, hayo ni mambo ya injini," akaingilia Bwanausi kwa adabu kubwa, kisha naye akatoa hotuba yake, ndefu, iliyosifu pikipiki zote mbili kwa usawa kama baba wa mabinti wawili wanaochumbiwa siku moja. Akasema nyekundu bei imesimama juu kidogo kwa sababu ya vitu vyake. Akasema ya kijani iko chini kidogo, lakini hiyo anaitoa pamoja na helmeti. Akasema yeye hana upande. Alisema hivyo mara nne.

Vita vikaenda vikirudi. Wakapiga magoti kwenye mchanga wakachungulia matumbo ya injini. Wakabonyeza shokomzoba. Wakagonga tangi kama watu wanaonunua tikitimaji. Mimi mguu ulinifa ganzi. Sikuzani alikuwa amemaliza tasbihi moja ameanza ya pili.

Hata jua lilipolegea, Feisal akaanza kulegea nalo. Kiki ilimchoma moyo. Akaizunguka ile ya kijani mara tatu, akashusha pumzi, akasema, "Ningeichukua. Shida yangu ni hilo dude."

Sasa sikilizeni vizuri. Upande wa kushoto wa ile ya kijani, ubavuni mwa gurudumu la nyuma, palikuwa na wavu wa vyuma uliofunika cheni na spoki, na chini yake kibao cha chuma chenye upana wa viganja viwili.

"La nini hilo?" aliuliza Feisal.

"Linakuja hivyo hivyo kutoka kiwandani," alisema Bwanausi. "Mapambo."

"Linaharibu sura," alisema Raymundi. "Kila anayenunua ananiambia nilitoe. Ninalo lundo nyumbani. Mlango wa banda langu la kuku ni hayo matupu."

"Basi litoe," Feisal akaamuru. "Likitoka, naichukua."

Raymundi akachomoa mfukoni spana namba kumi na mbili, kama mtu achomoavyo jambia, akachuchumaa. Nati ya kwanza ikalia, ikazunguka, ikamdondokea kiganjani. Akaigeukia ya pili.

Hapo Sikuzani binti Bilali akasimama kutoka kwenye ndoo.

"Raymundi."

"Naam, bibi."

"Rudisha."

Raymundi akabaki amechuchumaa, spana hewani. Sikuzani aliiendea kwanza ile nyekundu, adui mwenye fahari, akapanda upande, mimi nikimshika kiwiko. Kiti cha nyuma kilikuwa kidogo kama cha mbuzi ya kukunia nazi, tena kimepandishwa juu kama cha mwamuzi. Akakaa. Akateleza. Akakaa tena. Miguu yake ikaning'inia haina pa kutua, na upindo wa baibui ukalala juu ya cheni, wazi, mbele ya macho ya mwanawe.

"Mama, siku hizi watu wanakaa miguu huku na huku," alisema Feisal, sauti imepungua.

"Na baibui nilifunge kiunoni, nipite nalo mbele ya msikiti?"

Sikuzani akashuka, akahamia ile ya kijani. Akakaa upande. Miguu yake miwili ikatua kwenye kile kibao, pamoja, kama viatu mlangoni. Upindo ukaanguka juu ya wavu wa chuma ukatulia. Cheni ilikuwa nyuma ya vyuma, imefungwa mdomo.

Ndipo akatoa hotuba yake, ambayo mimi nimeihifadhi yote, maana haikuwa ndefu:

"Mmesema diski, mmesema rejeta, nimesikia. Waliotengeneza hiki chuma walikuwa na mama zao. Feisal, hiyo nyekundu inabeba mtu mmoja na nusu. Hii inabeba wawili. Sasa nipigie hesabu ya thamani, maana mimi hesabu zilinishinda."

Feisal alitazama chuma. Alitazama upindo. Nikamwona anaikumbuka Kitopeni, maana ndiye aliyekwenda kumchukua mama yake siku ile.

"Kumbe ndiyo kazi yake," alisema.

"Ndiyo kazi yake."

"Mbona hukusema, mama?"

"Mlikuwa kwenye breki."

Feisal akaiendea ile nyekundu mara ya mwisho, akapitisha kidole kwenye tangi, akakitazama kama kina vumbi. Hakikuwa na vumbi. Akarudi. "Bwanausi, andika ya kijani." Na Raymundi akairudisha nati mahali pake, akaikaza mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, na tangu hapo hakutuangalia usoni.

Kesho yake Ijumaa, baada ya swala, Sikuzani aliondoka Bagamoyo na helmeti juu ya mtandio, hotipoti ya pilau mapajani, mkono mmoja begani kwa mwanawe. Walivuka mashimo, wakavuka madimbwi, wakapishana na waliopakia magunia ya mkaa yenye kimo cha nyumba. Yaliyotokea mwisho wa safari nimeyapata kwa simu kutoka kwa Mina mwenyewe, ambaye hajawahi kuongeza neno.

Mina alikuwa kizingitini, na gongo lake. Hakutoa salamu. Aliinama kadiri nyonga ilivyomruhusu, akaushika upindo wa baibui la mdogo wake, akaugeuza huku na huku, akatafuta tundu, akatafuta oili.

"Halijaliwa," alisema Mina.

"Halijaliwa," alisema Sikuzani.

Na Mina, wa nyonga mbovu, miezi saba bila ndugu, akapiga kigelegele kimoja ambacho Feisal anasema kilimfanya ashike breki ilhali pikipiki imezimwa.

Basi ijulikane toka pwani hadi bara: siku hiyo mtu alitoka Bagamoyo akafika Makurunge, akiwa amekaa upande, akiwa mzima, na nguo yake yote. Habari ilifika Magomeni kabla ya magharibi. Siku ya Jumamosi wanawake kumi na mmoja walikwenda nyumbani kwa Raymundi, kila mmoja na mume wake au mwanawe nyuma akikokota pikipiki, kudai chuma chake. Raymundi aliwarudishia wote.

Kuku wake sasa wanalala jikoni.