Mtungi wa Mbu, Mtoni

Jumanne, 3 Aprili 1951

Mvua tangu alfajiri. Barazani kwangu hakuna mtu. Barazani kwa Shomari, ng'ambo ya kichochoro, watu tele. Bao, kahawa, vicheko. Sijui wanacheka nini. Tulifanya kazi pamoja ghalani bandarini miaka mingi, na sikumbuki Shomari kusema neno la kuchekesha hata siku moja.

Saa nne nikasikia hodi. Nilidhani mtu amekosea nyumba. Alikuwa Bwana Albano, mtu wa makamo kutoka Ndanda, anayekagua mbu. Ana kopo la mafuta ya kunyunyizia madimbwi na upawa wa kuchotea maji. Akazunguka uani, akakuta mtungi wangu uliovunjika mdomo nyuma ya jiko, akachota. Viluwiluwi vya mbu, vinacheza. Akaumwaga, akanionya kwa adabu kwamba homa imelaza watu wengi masika haya. Kisha mvua ikazidi, ikambidi akae. Akanywa chai. Akaniuliza nilifanya kazi gani zamani, na akasikiliza jibu lote.

Tangu arobaini ya marehemu mke wangu, Mwajabu, hakuna mgeni aliyekaa kwangu namna hiyo. Siku zake baraza hili lilijaa. Nilidhani wanakuja kwangu.

Akiondoka alinieleza utaratibu wao. Nyumba safi hutazamwa mara moja kwa mwezi. Nyumba yenye viluwiluwi hurudiwa kila baada ya siku chache, mpaka viishe. Yangu atairudia Ijumaa.

Nimeyatafakari maneno hayo mchana kutwa.

Ijumaa, 6 Aprili

Mtungi niliujaza maji ya mvua siku ile ile, nikauweka kivulini. Kila asubuhi nachungulia. Hakuna kitu. Usiku mbu wananiuma kama kawaida, lakini kutaga kwangu hawataki. Labda nao wanakwenda kwa Shomari.

Albano alifika baada ya sala. Nilikuwa nimenunua sahani nzima ya vitumbua kwa Chausiku. Akachota mtungini, akatazama, akanisifu. Laiti wazee wote wangekuwa kama mimi, alisema. Akachora alama ya chaki mlangoni: nyumba safi, mpaka mwezi ujao. Vitumbua hakuvigusa. Ana haraka.

Haraka ya kwenda kwa Shomari. Huko alikuta viluwiluwi ndani ya pipa, ndani ya karai, hata ndani ya kinu. Akakaa mpaka alasiri. Nilimsikia akicheka. Kwangu hakucheka.

Vitumbua nimevila peke yangu. Vilikuwa vingi.

Jumamosi, 7 Aprili

Nimechukua hatua. Asubuhi nilikwenda na birika kwenye mtaro ulio kando ya barabara ya Kilwa. Huko viluwiluwi havina mwenyewe. Nimechutama, kanzu nimeikunja, mara Chausiku huyo, sinia kichwani. Akaniamkia, kisha akauliza, "Babu, siku hizi samaki wanavuliwa kwa birika?" Nikamjibu kwamba nachota dawa ya macho. Akasema pole, na kwamba mzee asiyeona vizuri asichutame karibu na magari.

Nimevimimina mtungini, nikaufunika kwa kawa ya Mwajabu ili kuku wasije wakavila. Kisha nikaenda Temeke, ofisini kwa watu wa mbu. Karani akauliza nimekuja kumshitaki nani. Nikasema najishitaki mwenyewe. Akaweka kalamu chini. Alisema watu wote humletea majina ya majirani zao, na mimi ni wa kwanza kuleta langu. Akaniuliza kama nyumbani nina mtu wa kunitazama. Swali la utovu wa adabu. Nikamwambia aje Albano, si mwingine.

Jumatatu, 9 Aprili

Amekuja. Chai tayari, vitumbua tayari, mkeka mpya umetandikwa. Nikampeleka moja kwa moja mtungini, maana nilitaka tuimalize kazi tukae. Akafunua kawa.

Sikujua kwamba viumbe hao hukua upesi namna ile. Walitoka kama moshi. Walimwingia puani na masikioni, mmoja akamwingia mdomoni. Akatema mate, kisha akaniomba radhi kwa kutema mate mbele ya mzee. Hakukaa. Alisema jambo hili sasa si la kopo la mafuta. Alhamisi litakuja kundi zima lenye mabomba, lipulize dawa katika kuta za nyumba yangu na za majirani wote. Kila mtu atoe vyombo vyake nje, na asiingie ndani mpaka kuta zikauke.

Mtaa umenikasirikia. Mwanaasha, mke wa Shomari, alisimama kichochoroni akawauliza wapita njia kama wamepata kuona mtu mzima anafunika mbu kwa kawa kama wali. "Na wakiiva atatukaribisha?" Watu wakacheka. Sikutoka.

Hata hivyo nimeiona faida. Alhamisi nyumba zote zitalowa dawa. Watu watakaa wapi? Yangu iko mwisho kabisa wa mtaa, kwa hiyo itapulizwa mwisho. Baraza kavu litakuwa moja tu.

Jumatano, 11 Aprili

Nimefagia baraza mara ya tatu. Bao nimelitoa uvunguni, nimelipangusa vumbi. Dukani kwa Husseinali nimenunua kahawa na tangawizi ya kutosha mtaa mzima. Husseinali akauliza kama nina arusi. Nikasema huenda. Mkewe, Sugra, akauliza kwa upole bibi arusi ni nani. Nikalipa, nikaondoka.

Nimeamua pia kwamba kesho sitamsahihisha mtu anayecheza bao vibaya. Wala sitamwambia mtu yeyote akae wima.

Alhamisi, 12 Aprili

Walianza na nyumba yangu.

Nilimwambia mkubwa wao kwamba amekosea, yangu ni ya mwisho. Akajibu kwamba penye mbu wengi ndipo wanapoanzia, na kwamba sifa za mtungi wangu zimefika mpaka ofisini. Kabla jua halijapanda vizuri kitanda changu kilikuwa kichochoroni, pamoja na masanduku, saa ya ukutani na bao. Kuta nyeupe kwa dawa. Baraza nalo likalowa kuanzia dari hadi sakafu.

Ya mwisho, baada ya kuzunguka mtaa, ilikuwa ya Shomari, na zamu yake ingefika jioni. Watu wote wakahamia barazani kwake na mafurushi yao.

Nilikaa kitandani kwangu, katikati ya njia, na birika la kahawa juu ya seredani ya makaa. Shomari aliniita: "Mwishehe bwana, unamngoja nani hapo? Njoo!" Nikamjibu kwamba nina wageni wako njiani. Wote wakatazama njia, upande huu na upande ule. Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

Kisha ikanyesha. Wanaume wakaja mbio wakakibeba kitanda, nami juu yake, wakanitua barazani kwa Shomari. Mwanaasha akanifunika kanga mabegani, akanipa wali bila kusema neno kuhusu kawa. Mtu akaichukua kahawa yangu, akaimimina, ikazunguka. Walisema hawajanywa kahawa nzuri kama hiyo tangu Mwajabu afariki. Nikacheza bao na Shomari mpaka magharibi. Nilimfunga. Kila mtu alipoondoka alimshukuru yeye.

Kahawa yangu, tangawizi yangu, sifa zake.

Albano alikuja kuniaga. Akasema nyumba yangu sasa haitaona mbu kwa miezi, lakini angependa kupita siku moja, bila upawa, anywe chai tu. Nikamwambia mtumishi wa serikali haingii nyumba ya mtu bila sababu. Akasema sawa mzee.

Jumamosi, 14 Aprili

Nyumba inanuka dawa. Hakuna mbu hata mmoja. Kimya kabisa.

Shomari alipita asubuhi, akasema jioni atakuja na bao lake, anataka kulipa kisasi. Nikamwambia nina shughuli.

Na shughuli ninayo. Nimesikia msikitini kwamba sasa kuna watu wa panya. Wakikuta panya ndani ya nyumba hutega mitego, na hurudi kila siku kuitazama. Kila siku! Mbu walikuwa kosa, hukua upesi na kuruka. Panya hutulia.

Nimenyunyiza mchele jikoni, mkate kidogo nyuma ya masanduku. Mlango wa uani nimeuacha wazi. Wa mbele nimeukomea.

Sasa hivi, ninapoandika, Shomari yuko nje anapiga hodi. Sauti ya Albano nayo naisikia, anauliza kama mzee yumo. Hii ni hodi ya tatu. Nimenyamaza. Kuna kitu kimekwaruza jikoni, na sitaki kikimbie.