Nembo Isiyoegemea Upande Wowote

Napenda kuutangazia umma wa Tabora, pamoja na wasikilizaji wetu wote hadi Tura, kwamba redio ya Msafara Michezo imepata nembo mpya. Kama hamjaiona, msiwe na hofu. Ipo.

Mimi Awadhi, Katibu wa Kamati ya Mwonekano, nilikuwepo mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo sitaki kusikia maneno ya vijiweni. Nembo ya zamani ilikuwa mpagazi wa enzi za misafara, kabeba mpira kichwani badala ya pembe za ndovu. Watu waliipenda, na watu wakishapenda kitu huwa ni vigumu kukiboresha. Mkurugenzi wetu, ndugu Kashindye, alirudi kutoka semina Dodoma, akaitazama, akakunja uso.

"Awadhi, sisi ni taasisi," alisema. "Taasisi haibebi kitu kichwani."

Nilikubaliana naye mia kwa mia. Wakati huo nilikuwa nimemshikia begi, mwavuli na chupa ya maji.

Kamati ilianza na rangi. Asiyejua mambo atauliza ugumu uko wapi. Nyekundu ni ya timu ya Msimbazi. Kijani na njano ni za mahasimu wao wa Jangwani. Ukipaka yoyote kati ya hizo, nusu ya mtaa wetu wa Kanyenye inazima redio. Bluu ni ya Chamazi, na mjumbe mmoja ana shemeji kule. Nyeusi ni ya waamuzi, wale hawana rafiki. Bi Suzana wa mapokezi akapendekeza kahawia, rangi ya udongo wetu, tukampigia makofi mpaka Mhoja wa matangazo alipotukumbusha kuwa timu ya Choma huvaa kahawia.

"Si wanavaa nyeupe wale?" nikauliza.

"Wanaanza na nyeupe. Subiri wacheze kidogo kwenye lile vumbi."

Baada ya majadiliano ya kina ikapita nyeupe, kwa kuwa Choma huivaa kwa muda mfupi tu. Umbo la mduara tulilikataa, maana lingedhaniwa mpira, na mpira una upande: ni wa timu inayoumiliki wakati huo. Basi tukapitisha nembo nyeupe, isiyo na umbo, juu ya fulana nyeupe. Mkurugenzi aliipapasa, machozi yakamlengalenga.

"Hii hakuna atakayeilalamikia," alisema.

Akalalamika Batuli, mtangazaji wetu wa mpira. Tulikuwa tumepewa mechi ya ligi tuirushe mubashara kwa mara ya kwanza. Tukivurunda, hatupewi nyingine, na Batuli aliisubiri siku hiyo tangu alipokuwa akisoma bei za tumbaku.

"Kaka Awadhi, getini wanatutambua kwa mpagazi," alisema. "Na hii tutaingiaje?"

"Kwa hadhi," nikamjibu.

Siku ya mechi, Mkurugenzi alipaswa kumkabidhi mgeni rasmi nembo mpya mbele ya mashabiki. Getini tukamkuta Mzee Pazi, mlinzi, Mzaramo wa Pwani. Alikuwa na amri moja: asiye na nembo haingii. Batuli akafungua zipu ya koti. Ndani alivaa fulana ya mpagazi, moja ya zile tulizoagiza zote zichomwe moto.

"Pita, mwanangu," akasema Pazi. Nilitaka kumweleza Batuli kuwa hilo ni kosa la nidhamu, lakini alishaingia.

"Mimi ni Mkurugenzi," akasema Kashindye.

"Wa nini? Hapo kifuani sioni kitu."

"Nembo ipo," nikaeleza. "Haiegemei upande."

"Leo wanaovaa nyeupe tupu ni wabeba maji. Katoni zile pale."

"Unajua unaongea na nani?"

"Naongea na Mnyamwezi, mtani wangu. Babu zako walitubebea mizigo kutoka hapa mpaka kwetu Pwani bila kununa. Wewe katoni moja imekushinda?"

Foleni nzima ikacheka. Na mtani huwezi kumkasirikia. Ukikasirika umewaaibisha Wanyamwezi wote, nao wengi wao walikuwa kwenye foleni. Ndani, kipaza sauti kilikuwa kinamwita Mkurugenzi. Akanitazama. Nikanyoosha mikono niibebe katoni, kama kawaida.

"Wewe una begi na mwavuli," akasema Pazi. "Kaa hapo."

Ndipo Mkurugenzi akajitwika katoni. Nilibaki getini nikichungulia ndani na kumsikiliza Batuli kwenye redio ya simu.

"Wasikilizaji," alikuwa akisema, "mpagazi wetu amerudi. Anakatiza uwanja, katoni kichwani, tumbo mbele, na kwa kweli anatembea vizuri."

Jukwaa la wekundu likasimama. La kijani likasimama. Walishangilia pamoja, jambo ambalo sijawahi kuliona Tabora. Mgeni rasmi akampa mkono, akamsifu kwa ubunifu na kuagiza mwonekano huo usibadilishwe. Batuli amepewa mechi za msimu mzima.

Sasa Mkurugenzi ndiye nembo, amechorwa kwenye ukuta wa ofisi yetu Kanyenye, katoni kichwani, tumbo na yote. Ameiomba Kamati ifikirie upya. Kamati imekaa, imepima, na imemjibu kwa heshima kwamba haiwezekani: mashabiki wa pande zote wanamcheka sawasawa, na kutoegemea upande ndiko alikokutaka mwenyewe.