Sonde ya Mama Denise

Likoke, fundi asiye na karakana wala haya, alilinusa lile gari kabla hajaliona. Moshi mweusi ulikuwa ukitambaa kutoka upande wa stesheni ya Kamina, na ndani ya moshi lilikohoa gari jeupe la Kijapani la Mama Denise, mjane, mwalimu wa shule ya Wamethodisti.

Moyo wa Likoke ulicheka. Aliujua ugonjwa ule: sonde, kidude kinachokaa kwenye bomba la moshi na kuiambia injini hewa kiasi gani imebaki kwenye moshi. Kikifa, gari hunywa esanse, yaani petroli, kama mlevi wa matangani. Na nyumbani, ndani ya soksi, alikuwa na sonde nzima aliyoifungua kwenye gari lililopinduka njia ya Kaniama. Dawa anayo, bure kabisa. Alilokosa ni kummiliki mgonjwa. Kwa gari lile angefika Lubumbashi, aliuze, na vita angeisikia redioni tu.

"Mama, pole," alisema, akivua kofia kama aliyefika msibani. "Hii gari inakufa. Mapafu yake imeisha."

"Bantu balisema ni sonde tu, baba."

"Sonde njo mapafu. Mupya iko Lubumbashi, na treni iko wapi? Kesho moteur itapasuka. Minyi nakuonea huruma: leta hiyo chuma, nikupe kinga yangu na kitunga ya samaki ya Kinkondja," alisema, akiipiga kengele baiskeli yake.

Mama Denise alishika shavu, akaugua, akamtaja marehemu, kisha akaomba kikapu cha pili. Likoke alimpa, akaongeza na pampu ya baiskeli. Mwenye huruma hapimi.

"Wafwako, baba," mama alishukuru, na kumkabidhi funguo.

Mchana huohuo Likoke alifungua sonde iliyokufa, akafunga ile ya soksini, akaitoa waya ya betri kidogo ili injini isahau machungu, akairudisha. Taa ya onyo ikazimika. Gari likanguruma kwa raha, bila moshi hata wa kufukuza mbu. Ilikuwa kazi ya kwanza safi maishani mwake, na alikuwa na furaha ya kijinga kabisa.

Kwenye kizuizi cha njia ya kutokea mjini, askari wa Base, kambi ya jeshi ya Kamina, walimsimamisha. Ajida, mkubwa wao, aliinama nyuma ya gari, akapitisha kiganja mbele ya bomba. Kikatoka safi, bila masizi.

"Hii gari tuliikatala," alisema. "Ilikuwa inatoa moshi, inamaliza esanse ya jeshi. Nani aliiponesha?"

Sifa zikamponyoka Likoke kabla akili haijafika. "Minyi, mukubwa."

"Muzuri. Jeshi inaichukua."

Wakati huo Mama Denise akafika na kinga, samaki wamefungwa nyuma. Askari walimpisha.

"Mama," Likoke alisihi, "ambia bakubwa hii gari iko mugonjwa."

"Ilikuwa mugonjwa, baba. Tangu vita ianze nilikuwa nautunza ule ugonjwa, ili askari basiinyang'anye. Weye njo uliuponesha." Akakanyaga pedali, akaenda zake, akiimba wimbo wa kanisani.

Likoke aliweka funguo juu ya boneti kwa adabu, akaanza kurudi mjini taratibu, akitembea upande kama kaa.

"Unaenda wapi?" ajida aliuliza, akimfungulia mlango. "Kule kwenye vita tuko na magari mingi inakohoa. Panda, fundi."