Nimenuna, Hakuna Anayenibembeleza

Jumatatu, 2 Septemba
Makubwa! Shule sasa inafundisha hisia. Mjukuu wangu Hiyas, kidato cha nne, kaja na karatasi: itambue hasira yako, itaje jina, itulize, ndipo ufungue mdomo. Enzi zetu hisia zilikuwa mbili tu, njaa na fimbo. Ijumaa kila mwanafunzi atampandisha mzee wake jukwaani aeleze anavyotuliza hasira. Shati langu la sherehe nimeshalipiga pasi. Hiyas kasema ngoja kwanza, Babu: nikifika Ijumaa bila kumtania mtu, nitakwenda. Ulimi ukiniwasha, nihesabu hadi kumi.

Jumanne, 3 Septemba
Jirani yangu Usting kapita na meno mapya ya bandia. Nikahesabu hadi kumi, Mungu shahidi. Kufika kumi, utani umeiva! Nikamwambia meno hayo yamechungulia nje yanatafuta njia ya kutoroka. Hiyas alikuwa mlangoni. Kasema basi, atampeleka Mzee Usting. Usting! Mtu asiyejua hata kukasirika, atatuliza nini?

Jumatano, 4 Septemba
Nimeanza tampo. Kwetu aliyeumizwa hasemi: anajifungia, anasusa chakula, nyumba nzima inakuja kumbembeleza kwa sauti ya asali mpaka alegee. Marehemu mke wangu alinibembeleza miaka arobaini na moja, sikushindwa hata mara moja. Nikaugeukia ukuta. Hatua mlangoni! Nikatengeneza uso wa yatima. Hiyas akasema kwa upole kwamba anaona nimeumia, anaheshimu hisia zangu, ananiachia nafasi. Akaondoka. Akaondoka! Kisha nikasikia sahani. Samaki wangu analiwa, tena tumbo lenye mafuta!

Alhamisi, 5 Septemba
Binti yangu naye kaambukizwa. Nimemsikia akisema mzee aachwe, akiwa tayari atasema. Niseme? Kwenye tampo anayesema ndiye kashindwa! Saa nne asubuhi nikanyata jikoni. Mkono umezama kwenye sufuria ya wali, nani kaingia? Usting! Kashika suman, ule wali wa kunata uliofungwa majani. Eti kaka, usininunie bwana, jukwaa ni lako, mimi bila wewe siendi. Nusura nilie. Nikala nne. Jioni Hiyas karudi shule, akaniuliza ninahisi nini hasa. Nilitaka kusema niliogopa kuachwa nyumbani kama kiti kibovu. Nikasema njaa. Akanitazama sana, akacheka, akasema tutakwenda wote wawili.

Ijumaa, 6 Septemba
Jukwaani! Mwalimu kaniuliza hasira naitulizaje. Nikasema nahesabu hadi kumi. Makofi! Hiyas machozi yakamlengalenga, nami kifua kikajaa. Ikawa zamu ya Usting. Kumbe kala suman kabla ya kupanda. Kafungua mdomo kusalimia, meno yakanasa, yakachomoka, yakagonga maikrofoni: ko! Nikaanza kuhesabu. Moja, mbili... Tatu sikuiona. Nikapaza sauti: si nilisema yanatoroka! Shule nzima hoi kwa kicheko. Hiyas kajifunika uso. Usting kaokota meno yake, kashuka, kaenda zake nyumbani.

Jumamosi, 7 Septemba
Usting kanuna. Kajifungia chumbani, kasusa kula. Hiyas kanituma niende na suman nikambembeleze, niombe radhi. Nikaenda. Njiani suman ziliisha. Mkewe alikuwa anakaanga samaki, kaniomba nimsemeshe mumewe pale mlangoni. Nikamwambia hapana, mama, siku hizi kuna elimu: tuheshimu hisia zake, tumwachie nafasi.

Tumbo la samaki wake lilikuwa tamu kuliko langu.